Mionzi na Uzazi wa Samaki wa Ziwa Letu

Jumamosi moja muhula uliopita nilikwenda sokoni hapa Mkumbi kununua usipa. Mama auzaye usipa, ambaye mzigo wake huupandisha kutoka Mbamba Bay, alikuwa ameketi na mafungu yake yote mbele yake, wala hapana fungu lililopungua. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mwema, maana wewe ndiwe mtu wa sayansi."

Kisha akanieleza habari yake. Kijana mmoja alipita sokoni akawaambia watu ya kuwa urani ya Namtumbo imekwisha ingia ziwani, kwamba samaki wamekuwa matasa, na kwamba mtu awalaye samaki hao naye atakuwa tasa. "Tangu juzi," akasema mama, "wasichana walioolewa karibuni wanapita mbali na mafungu yangu kana kwamba nauza nyoka. Niambie, mwalimu, ni kweli?"

Nilimjibu kwa maneno machache, nikanunua mafungu mawili, nikaenda zangu. Lakini njiani niliona kwamba jibu langu lilikuwa fupi mno. Maneno ya yule kijana yalikuwa na makosa mengi, lakini ndani yake mlikuwa na swali la haki, nalo ni hili: je, mionzi yaweza kuharibu zile homoni zinazomwongoza samaki katika kuzaa? Swali hili limechunguzwa na wataalamu kwa miaka zaidi ya 60, na majibu yake si "ndiyo" tupu wala si "hapana" tupu. Mhariri wa gazeti letu amenipa kurasa chache niyaeleze.

Kwanza tuwe wazi juu ya njia za maji, kwa sababu samaki hudhurika kwa maji aliyomo, si kwa maji ya bonde jingine. Urani ya mkoa wetu iko Namtumbo, katika mradi unaoitwa kwa jina la Mto Mkuju. Sehemu hiyo zamani ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, na mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mipaka ya pori ibadilishwe kwa ajili ya machimbo hayo. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko mtambo wa majaribio. Basi mwanafunzi achukue ramani afuate maji ya Mkuju kwa kidole: yanashuka mpaka Luwegu, na kutoka Luwegu yanaingia Rufiji, hata Bahari ya Hindi. Hayana njia ya kuja Nyasa. Mtu wa Utete aweza kuuliza habari za Mkuju kwa ajili ya samaki wake. Mtu wa Liuli hana sababu.

Lakini asishangilie upesi, kwa maana kuna mgodi mwingine wa urani, nao maji yake yanakuja kwetu kweli. Huo ni Kayelekera, nchini Malawi, upande wa magharibi wa mji wa Karonga. Ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014 bei ya urani ilipoanguka, na mwaka 2025 kazi ikaanzishwa tena. Mgodi huo uko kando ya kijito cha Sere. Sere huingia mto North Rukuru, na North Rukuru huingia katika ziwa hili hili tunalovua sisi. Dhoruba ya Januari 2015 iliharibu birika la kukusanyia maji ya mtambo, na sehemu ya maji ikavuka kingo zilizowekwa kuyazuia. Kampuni ilitangaza kwamba vipimo vya mto havikuonyesha madhara. Naitaja habari hiyo kwa sababu ya mwezi wake. Januari ni mwezi wa mvua, na mvua ndiyo saa ya samaki wetu mmoja kupanda mito. Samaki huyo ni mbasa.

Mbasa hahitaji kuelezwa kwa wale waliozaliwa Lituhi au Manda. Kwa sisi wa milimani niseme tu kwamba ni samaki mrefu, mwenye rangi ya fedha, akaaye katika maji mapana ya ziwa akila usipa. Hapatikani penginepo duniani ila katika Nyasa na mito yake. Mvua zinapojaza mito yeye huacha ziwa, hupanda juu kwenye maji yaendayo kasi, akataga mayai yake katika changarawe. Kwa upande wetu hupanda Ruhuhu. Kwa upande wa Malawi hupanda mito kadhaa, na North Rukuru ni mmojawapo.

Ni nani amwambiaye mbasa kwamba wakati umefika? Hapa ndipo tunapoingia katika habari ya homoni, na nitaomba msomaji avumilie kidogo, maana bila kuielewa sehemu hii hataelewa yaliyobaki.

Fikiri juu ya shule yetu. Mkuu wa shule akitaka wanafunzi wakusanyike haendi darasa kwa darasa. Humwambia mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu humwambia kiranja, na kiranja hugonga kengele. Wanafunzi wakiisha kukusanyika, kiranja hurudi kutoa habari, na mkuu hunyamaza. Mwili wa samaki hutumia utaratibu kama huo. Ubongo ndio mkuu: huona mto umejaa, maji yamebadilika ubaridi na harufu, chakula kimekuwa tele. Hutuma mjumbe wake kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, iitwayo pituitari. Pituitari nayo hutia katika damu homoni mbili ziendazo mpaka kwenye viungo vya uzazi. Homoni maana yake si kingine ila ni mjumbe asafiriye kwa damu.

Katika jike, kila yai limezungukwa na utando wa chembe hai. Utando huo ukipata amri ya pituitari hutengeneza testosteroni, kisha huigeuza kuwa homoni nyingine iitwayo estradioli. Estradioli husafiri mpaka kwenye ini. Watu wengi hustaajabu wakisikia kwamba ini lina kazi katika kutaga mayai, lakini ndivyo ilivyo: ini likipata estradioli hutengeneza utomvu uitwao vitelojenini, damu ikauchukua mpaka kwenye mayai, nao ukawa kiini cha yai, yaani akiba ya chakula cha kifaranga. Mayai yakiisha kujaa, estradioli hupungua, na utando ule ule hutengeneza homoni ya namna nyingine inayoyakomaza mayai mpaka yaachiliwe. Dume ana testosteroni pia, pamoja na ndugu yake iitwayo 11-ketotestosteroni, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi kwa samaki. Hiyo humkomazia mbegu na kumpa ile tabia ya kumfuata jike.

Na habari hurudi juu. Homoni za viungo vya uzazi zikifika kwenye ubongo na pituitari huwa kama kiranja anayesema, "Yametimia." Wasipopata habari hiyo, wakuu hawa huendelea kutoa amri kwa sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana mtaalamu akipima damu ya samaki akaona amri za pituitari zimezidi sana huku estradioli ikiwa haba, hujua kwamba kasoro iko chini, katika mfuko wa mayai, si katika ubongo.

(Jambo moja la pembeni. Dume naye ana uwezo wa kutengeneza vitelojenini katika ini lake, ila hapati amri ya kutosha. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Uingereza walipata vitelojenini katika damu ya madume yaliyoishi chini ya mabomba ya maji machafu ya miji, wakajua kwamba mto una vitu vyenye kufanya kazi kama homoni za kike. Tangu hapo samaki amekuwa shahidi mzuri wa hali ya mto.)

Sasa tuje kwenye mionzi. Chembe ndogo kabisa za vitu kama urani na radiamu hazitulii. Hupasuka zenyewe, na kila ipasukapo moja hurusha nguvu. Nguvu hiyo ikipita katika mwili hukata na kuvunja, hasa ule uzi wa urithi ulio ndani ya kila chembe hai. Kipimo cha nguvu iliyopokewa na mwili huitwa grei. Sehemu moja ya grei katika elfu ni miligrei, na sehemu moja katika milioni ni maikrogrei. Hakuna kiumbe kisichopokea mionzi kidogo: mawe yote ya nchi yana urani kidogo, na hata damu ya msomaji ina potasiamu itoayo mionzi. Kwa hiyo kusema "maji yana mionzi" ni sawa na kusema "chakula kina chumvi". Swali ni kiasi gani.

Mionzi haiumizi chembe zote sawasawa. Huziumiza zaidi zile zinazogawanyika upesi, kwa sababu chembe igawanyikayo haina nafasi ya kuutengeneza uzi wake uliokatika. Katika dume, chembe zitoazo mbegu hugawanyika daima, basi ndizo zinazokufa kwanza. Lakini chembe zilizo kando yake, zile zinazotengeneza homoni, hugawanyika mara chache, nazo hustahimili zaidi. Matokeo yake ni ya ajabu: dume aweza kuwa hana mbegu nzima hata moja, na bado akawa na homoni zake na hamu yake yote.

Hili si la kubahatisha. Afrika Mashariki tumelitumia kwa faida, ingawa kwa wadudu na si kwa samaki. Huko Tanga ndorobo madume walifugwa kwa maelfu, wakapigwa mionzi ya gama, na kati ya mwaka 1994 na 1997 zaidi ya milioni 8 wakaachiliwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa cha Unguja. Madume hao walikuwa hawana uwezo wa kuzalisha, lakini waliwafuata majike kama kawaida, na majike waliokutana nao hawakuzaa. Ndorobo wakatoweka Unguja, na ng'ombe wakaokoka na nagana. Ingalikuwa mionzi imewaondolea madume ile hamu, kazi yote ingalikuwa bure.

Kwa jike la samaki mambo ni tofauti kidogo. Yai na utando wake ni kama pacha. Yai likifa kwa mionzi, utando wake hunyauka, na utando ukinyauka hakuna wa kutengeneza estradioli. Ini halipati amri. Vitelojenini hupungua. Pituitari hupiga kelele juu, na chini hapana aitikaye. Kwa hiyo mionzi ikivuruga homoni za uzazi, mara nyingi haikuanza na homoni zenyewe. Ilianza na chembe za mayai, na homoni zikafuata, kama kengele isivyogongwa pale kiranja alipougua.

Lakini samaki ana bahati asiyokuwa nayo binadamu. Samaki walio wengi huendelea kuumba mayai mapya maisha yao yote, kutokana na chembe chache za akiba. Mionzi isipoziua zote, mfuko wa mayai waweza kujaa tena baada ya muda.

Hayo yote yamejaribiwa. Mmoja wa waliotangulia ni Lauren Donaldson wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Yeye alitumia samoni, ambaye desturi yake yafanana na ya mbasa kwa kupanda mito kutaga, ila yeye hutoka baharini. Donaldson na wenziwe waliyapiga mayai ya samoni mionzi kidogo kidogo kila siku, wakawaachilia vijisamaki waende baharini, kisha wakangoja miaka. Wale waliopata dozi ndogo walirudi kuzaa, wala hawakuwa wachache kuliko wenzao wasioguswa. Hata hivyo, katika majaribio ya baadaye ya dozi kubwa zaidi, viungo vya uzazi vya vijisamaki vilichelewa kukua. Hicho ndicho kitu cha kukumbuka: dalili ya kwanza haikuwa samaki mfu wala samaki mwenye vichwa viwili, bali kuchelewa tu.

Mwingine ni Blaylock, aliyechunguza visamaki wadogo wa jamii ya gambusia katika bwawa la White Oak, Oak Ridge, lililopokea takataka za kazi za atomu tangu miaka ya 1940. Visamaki hawa, wanaosifika kwa kula viluwiluwi vya mbu, huzaa watoto hai. Mwaka 1969 alieleza kwamba majike ya bwawa hilo yalizaa watoto wengi zaidi kwa mara moja kuliko ya mahali pengine, lakini miongoni mwao wafu na wenye vilema walikuwa wengi pia. Mtu mwenye haraka angesoma nusu ya kwanza ya taarifa hiyo aseme mionzi ni dawa ya uzazi.

Msiba mkubwa wa kinu cha atomu cha Chernobyl, nchini Ukraine, ulitokea tarehe 26 Aprili 1986. Kando ya kinu palikuwa na bwawa kubwa la kupozea mitambo, na ndani yake walifugwa samaki weupe wa Kichina wa jamii ya kapu. Hawakufa, bali wataalamu walipowapasua miaka iliyofuata waliona viungo vya uzazi vilivyoharibika katika baadhi yao, na wengine walikuwa tasa kabisa. Huko dozi ilikuwa kubwa mno, hasa katika miezi ya kwanza.

Uchunguzi unaonipendeza zaidi ni ule uliotolewa mwaka 2018 na Adelaide Lerebours, Jim Smith na wenzao. Hawa walikwenda kwenye maziwa saba ya Ukraine na Belarusi, karibu miaka 30 baada ya msiba, mionzi ikiwa imepungua sana. Waliwavua samaki wa aina mbili, pachi na rochi. Afya yao kwa jumla ilikuwa njema. Lakini katika maziwa yenye mionzi zaidi walikuta pachi ambao mifuko yao ya mayai ilikuwa imechelewa kukomaa, na wengine ambao haikukua hata kidogo. Rochi wa maziwa hayo hayo hawakuwa na kasoro hiyo. Maji ni mamoja, mionzi ni mmoja, na samaki wawili wakatoa majibu mawili.

Na mionzi yenyewe ilikuwa kidogo, haikufika maikrogrei 20 kwa saa. Kwa muda mrefu wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu wamechukua miligrei 10 kwa siku, yaani kama maikrogrei 400 kwa saa, kuwa kiasi ambacho chini yake jamii ya samaki haitazamiwi kudhurika. Pachi wale walikuwa mbali sana chini ya kipimo hicho. Mimi nasoma habari hiyo kwa uangalifu, kwa maana ziwa si chupa ya maabara: chakula, baridi na magonjwa navyo huchelewesha mayai. Lakini ingekuwa vibaya kuitupa habari hiyo kwa sababu tu haipatani na kipimo kilichokwisha andikwa.

Tukitaka kupima hatari ya ziwa letu kwa mifano ya Chernobyl, tutakosea kwa jambo moja. Chernobyl palimwagika vitu vikali vitokavyo ndani ya kinu, kama sesiamu na strontiamu. Mgodi wa urani hauna vitu hivyo. Urani ya ardhini hutoa mionzi yake polepole mno: nusu ya urani iliyopo leo itakuwa ingalipo baada ya miaka bilioni nne na nusu. Kwa hiyo katika maji, urani humdhuru samaki kwa njia nyingine kabla ya mionzi yake kupata nafasi. Humdhuru kwa kuwa ni metali nzito yenye sumu, kama risasi.

Mwaka 2014 wataalamu wa Ufaransa walitoa habari za jaribio walilofanya kwa visamaki wenye milia waitwao zebra. Walitumia urani iliyopunguzwa mionzi. Wakawaweka madume na majike waliokomaa katika maji yenye maikrogramu 20 za urani kwa lita, na wengine katika maikrogramu 250, kwa siku 14, kisha wakawahamishia maji safi wazae. Mayai yakapungua. Vifaranga wakafa zaidi. Vitelojenini ikashuka katika majike. Urani ikaonekana ndani ya viungo vya uzazi na ndani ya mayai yenyewe. Basi hapa ule mnyororo wa homoni ulivurugika kweli, na mionzi haikuhitajika sana. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka maikrogramu 30 kwa lita kuwa kiasi cha mwisho cha urani katika maji ya kunywa. Maji ambayo mtu anaruhusiwa kuyanywa yaweza kuwa si mema kwa samaki anayeyakalia usiku na mchana akijaza mayai yake.

Kisha kuna mchanga ubakiao. Urani ikiisha kutolewa katika jiwe, kama 85% ya mionzi ya jiwe lile hubaki katika mabaki ya kusagwa, kwa sababu radiamu na ndugu zake haziondoki pamoja na urani. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600, nayo mwilini hufuata njia ya chokaa, ikaingia katika mifupa. Mabaki hayo huwekwa nyuma ya boma, na boma hilo halina budi kusimama zaidi ya umri wa serikali yoyote tunayoijua. Nalo ziwa letu si mto unaojisafisha. Lina kilomita za mraba zipatazo 29,600 na kina cha karibu mita 700, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Shire, na maji mengi hutoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke hauchukui metali. Kiingiacho Nyasa hukaa Nyasa.

Nikirudi kwa mama wa usipa, jibu langu refu ni hili. Urani ya Namtumbo haiwezi kumfikia usipa wake kwa maji. Kayelekera yafaa kuangaliwa, lakini mahali pa kuangalia kwanza ni North Rukuru na mdomo wake, si Mbamba Bay, na wakati wa kuangalia ni mvua za kwanza, mbasa wanapopanda na maji ya migodi yanapojaa kwa pamoja. Na mtu hawi tasa kwa kula samaki tasa. Utasa hauambukizwi kwa mchuzi. Mtu akila urani nyingi, figo zake ndizo zitakazoumia kwanza. Kama siku moja tutakuwa na sababu ya kupima chakula chetu, tuanze na usipa, si kwa kuwa ndiye mbaya, bali kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, na radiamu hukaa mifupani. Kupima vyakula ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kila halmashauri ina haki ya kuiomba.

Nasema pia, hata kama wengine hawatafurahi, kwamba leo hii mbasa hapunguzwi na atomu. Anapunguzwa na nyavu zitegwazo midomoni mwa mito anapotaka kupanda, na kwa matope yanayofunika changarawe. Hapo sisi wa milimani tunahusika. Shamba la ngolo hushika maji na udongo katika mashimo yake. Mteremko uliolimwa ovyo huupeleka udongo wake mpaka juu ya mayai ya samaki.

Kupima homoni katika damu kwahitaji maabara, lakini kuna hesabu moja ambayo shule yaweza kuifanya kwa mizani ya jikoni. Pima uzito wa samaki mzima, mpasue, pima uzito wa mfuko wa mayai, gawanya wa pili kwa wa kwanza, zidisha kwa 100. Jike la gramu 800 lenye mayai ya gramu 96 lina 12. Homoni zikifanya kazi yake, tarakimu hiyo hupanda miezi ya mvua inapokaribia na hushuka mara baada ya kutaga. Zikivurugika, haipandi, au huchelewa kupanda, kama walivyoona kwa pachi. Ila hesabu hiyo haina maana bila ya miaka ya kulinganisha, na ni afadhali kuianza sasa, mambo yakiwa mema.

Kidato cha Tatu wataanza muhula ujao. Mzazi atakayeletewa mbasa mzima kutoka Lituhi au Manda tunamwomba asitupe matumbo yake kabla ya kutuma habari shuleni. Aandike tarehe, mahali samaki alipovuliwa, na kama alivuliwa ziwani au mtoni. Nyama ni yake. Sisi tutapima na kumrudishia siku ile ile.